Betri ya Mama Majani

Leonida Qamara alikuwa mjane mwenye shamba dogo la mahindi na ngano upande wa Oldeani, chini kidogo ya mashamba makubwa ya kahawa. Uani kwake, karibu na zizi, kulikuwa na karavani: nyumba nyeupe ya bati yenye magurudumu mawili, yenye kitanda, jiko la gesi na vikabati. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kizungu, Bi Margit, aliyekuwa akizunguka kreta, lile shimo kubwa la volkano, na misitu yake kukusanya majani na kuyakausha katikati ya magazeti. Watu walimwita Mama Majani.

Mwanzoni mwa mwaka sabini na saba Mama Majani alikwenda Nairobi kutibiwa meno. Aliomba karavani ikae kwa Leonida mpaka arudi. Kabla ya kuondoka alifungua kisanduku cha mbele, akamwonyesha betri kubwa nyeusi.

"Mama Inosenti, gari zima linaweza kukaa tu. Lakini hii isilale. Ikilala, inakufa. Toa waya, tia maji, ipe moto kila mwezi."

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na alikisema haraka kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Leonida aliitikia kila neno. Gari lilipoondoka, akabaki amesimama akijiuliza betri inalala vipi, na moto inapewaje.

Mwezi uliofuata mpaka wa Kenya ulifungwa, na Mama Majani hakurudi.

Leonida alijua betri za tochi tu. Hizo zikichoka unazianika juani, zinapata nguvu tena siku mbili tatu. Basi akaitoa ile betri, akaiweka juu ya bati mchana kutwa, akawa anaigeuza kama mtu anayeanika maharage. Jioni akairudisha, akafunga waya kama alivyozikuta, akabonyeza swichi ya taa ndani ya karavani. Taa ikawaka rangi ya chai, kisha ikazima.

Akaenda kumwona Hhando, fundi wa mashine ya kusaga. Hhando alikuwa ameunga dainamo ya lori la zamani kwenye mkanda wa injini yake, na siku za kusaga aliwachajia watu betri za matrekta. Leonida alimfikishia betri kichwani, juu ya kata ya khanga. Alipoitua, khanga ilikuwa na matundu, na bega linamwasha.

"Umeilaza ubavu?" Hhando aliuliza, akimmwagia maji begani kuosha tindikali iliyovuja.

"Ilikuwa inaniponyoka, nikaishika hivyo hivyo."

"Na maji yake yamekwenda wapi? Vibati vya ndani viko wazi kabisa."

"Niliianika."

Hhando alimtazama kuona kama anatania. "Mama Inosenti, hii si ya tochi. Hii jua linaikausha. Unatia maji ya mvua, ya kukinga kwa sufuria moja kwa moja kutoka juu, yasipite kwenye bati la nyumba. Na usiijaze mpaka juu kabla ya kuchaji, itatapika."

Hayo aliyashika. Akanunua toroli la mbao, akawa anaisukuma betri mpaka kwenye mashine kila mwezi. Ilikuwa inachemka chini ya mkanda, inatoa harufu ya kukereketa koo, na Hhando anafukuza wavutaji sigara. Ikitoka pale, taa inawaka safi. Leonida anairudisha, anafunga waya, anafunga karavani kwa kufuli. Akija kuijaribu baada ya wiki mbili, haina kitu.

Jambo hili lilimnyima raha. Alikagua swichi zote. Hakuna taa iliyowaka, hakuna mtu aliyeingia. Alianza kumshuku jirani yake Germana, ambaye kosa lake lilikuwa kupita uani kuchota maji. Mwisho akamweleza Hhando.

"Ukiirudisha, unaifunga na waya?"

"Si ndipo mahali pake?"

"Hebu iache bila waya. Iweke tu juu ya ubao."

Ndipo Leonida alipokumbuka kwamba Mama Majani alisema kutoa waya. Aliiacha hivyo, na kweli, moto ukakaa. Lakini hakuelewa.

"Kama kila kitu kimezimwa, nani alikuwa anakunywa?" akamuuliza fundi.

"Labda kuna kitu humo ndani hakizimiki. Hata mimi sijui."

Mwaka uliofuata, kuelekea mwisho wake, vita vya Uganda vilianza. Mwanawe wa pekee, Inosenti, alikuwa jeshini. Kikosi chao kiliondoka Arusha, na tangu hapo hakuna neno. Leonida alikuwa na redio, lakini betri zake zilikwisha, na madukani Karatu hazikuwapo. Aliziweka juani mpaka zikavuja.

Germana ndiye aliyesema wazi. "Una betri kubwa kama sanduku, na unakaa hujui mtoto yuko wapi?"

"Si yangu. Nimewekewa."

"Amesema usiitumie?"

Leonida alifikiri. Mama Majani hakusema aitumie, wala hakusema asiitumie. Alisema isilale. Basi betri inayosikilizwa redio imelala au iko macho? Siku tatu aliipita pale juu ya ubao wake bila kuigusa. Siku ya nne alimwita Hhando, naye akaziunga waya kwa namna yake ili redio isiungue.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ikawa inasikilizwa na uwanja mzima. Watu walikuja na vigoda vyao. Ilipotajwa Mutukula, kisha Masaka, wanaume waliuliza ni mbali kiasi gani, na hakuna aliyejua. Leonida alikaa karibu kuliko wote, akitega sikio asikie jina la Inosenti. Majina ya askari hayakutajwa hata siku moja, naye hakuacha kutega.

Na betri? Yeye alitarajia ife kwa kosa lake. Badala yake ikawa nzima kuliko zamani.

"Hii sasa inachajika vizuri," Hhando alisema kwenye mashine.

"Kwa nini? Naitumia kila siku."

"Labda ndiyo sababu."

Leonida alirudi nyumbani amechanganyikiwa zaidi. Alipoitunza kwa uaminifu ilikuwa inakufa, na alipoichukua bila ruhusa imepona.

Kampala ilipotekwa, watu walicheza uani mpaka ua ukavunjika. Miezi kadhaa baadaye Inosenti alishuka kwenye lori la kahawa, amenenepa.

"Masaka ilikuwaje, mwanangu?" mama aliuliza, bado amemshika mikono yote miwili.

"Masaka sikufika, Mama. Mimi nilibaki Mwanza, kwenye ghala. Tulipakia unga."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Leonida alikaa chini. Vita vyote alivyovisikiliza, na mwanawe hakuwamo. Alicheka, kisha akalia, kisha akamkaripia kwa kutotuma habari, na Inosenti hakujua ajibu lipi kwanza.

Mwaka wa themanini akaja dereva aitwaye Sankale na Land Rover. Mama Majani alikuwa amekwenda kwao Ulaya, akamuuzia karavani mtu wa Arusha, ndiye aliyemtuma Sankale kuivuta. Leonida aliirudisha betri kisandukuni haraka, akafunga waya, akasema kabla hajaulizwa, "Niliitumia kwa redio, wakati wa vita."

Sankale alibonyeza swichi. Taa zote zikawaka. Akazima, akawasha tena.

"Hii ni ile ile? Hujabadilisha?"

"Ni ile ile. Kuna ubaya?"

"Niliambiwa nije na betri mpya, ile ya zamani itakuwa imekufa siku nyingi." Na kweli alikuwa na mpya garini. Akaifunga hiyo, akamwachia Leonida ile kuukuu mikononi. "Baki nayo, Mama."

Karavani ilivutwa polepole kuelekea barabara ya Karatu. Inosenti alimkuta mama yake bado amesimama na betri.

"Sasa hii nimepewa," alimuuliza, "au imetupwa?"

"Umepewa, Mama. Nadhani."

Jumamosi Leonida aliipakia kwenye toroli, akaipeleka kwa Hhando kama kawaida.