Penseli Chini ya Kochi

Fundi Penseli hana simu ya kuperuzi. Ana kile kisimu cha vitufe chenye tochi, na kikiisha chaji wiki nzima wala hashtuki. Jina la Penseli amepewa na mtaa kwa sababu penseli haibanduki sikioni kwake. Mkewe anasema siku akifa itabidi wamzike nayo. Anatengeneza makochi. Kila kochi, kabla hajapigilia kitambaa cha chini, hulipindua miguu juu na kuandika kwenye mbao jina la mwenye nalo na tarehe. Ukimuuliza ya nini, wakati hakuna atakayeyaona, anakujibu, "Siku likirudi kwangu nijue lilikuwa la nani." Na hayarudi.

Miaka miwili nyuma kazi ilidorora. Watu walipita mbele ya karakana wameinamia simu, wanachagua makochi humo humo, huku makochi yenyewe yako hatua mbili kutoka puani kwao. Mdogo wake wa kike ndiye aliyemshtua.

"Kaka, usipokuwa mtandaoni haupo," alimwambia. "Niachie mimi."

Akafungua ukurasa kwa namba yake mwenyewe, akauita Makochi ya Penseli, akaanza kumpiga video. Fundi anakata mbao, fundi anavuta mikanda, fundi anagonga kochi kwa ngumi na kusema, "Hili utamrithisha mjukuu." Watu wakaipenda kauli hiyo kuliko makochi. Oda zikamiminika. Watu wa mtaa wa pili ambao hawakuwahi hata kumsalimia wakaja kupiga naye picha.

Halafu oda zikaanza kupungua. Mdogo wake akasema, "Soko limepoa, Kaka. Watu wamebana matumizi." Akamwamini. Utaanzaje kumtilia shaka mtu uliyekuwa unambeba mgongoni kumpeleka shule mvua ikinyesha?

Jumanne asubuhi mkokoteni ukasimama mbele ya karakana. Juu yake kochi la kijani la watu watatu, limelala upande kama mlevi. Nyuma yake mwalimu wa shule ya jirani, vumbi la chaki kwenye sketi, simu mkononi.

"Wewe ndiye Penseli?"

"Ndiye mimi, Mwalimu. Karibu kiti."

"Kiti gani tena? Viti vyako vimenitosha."

Wapiga soga wa nje wakacheka. Fundi naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

"Miezi miwili tu," Mwalimu akasema. "Nimeleta wakwe watarajiwa nyumbani, wamekaa, kochi likabomokea ndani. Baba wa watu, we fundi! Mtu mzima, miguu juu, kikombe cha chai bado kakishika."

"Hili sijalitengeneza mimi."

"Na huyu ni pacha wako?"

Akamsogezea simu. Fundi akajiona anagonga kochi kwa ngumi, akajisikia akisema habari za mjukuu. Chini ya video ilikuwepo picha ya kochi la kijani, na chini ya picha namba ya simu. Namba hiyo aliijua kichwani. Ya mdogo wake.

Hakubishana. Akalipindua kochi, akachana kitambaa cha chini kwa kisu. Ndani hamkuwa na mbao. Mlikuwa na maranda yaliyogandishwa kwa gundi, yamekula unyevu, yanamegeka kama mkate mkavu. Jina la mtu halikuwepo.

"Mimi huwa naandika," akasema, sauti chini.

Mwalimu alikuwa ameshainua simu, anarekodi. "Basi sema hapa hapa ni nani anatumia jina lako. Una wafuasi elfu arobaini, waambie."

Maneno mawili tu yangetosha: mdogo wangu. Kabla ya mchana jina lake lingekuwa safi, na la mdogo wake lingekuwa halishikiki hata kwa koleo.

"Zima, Mwalimu. Kochi liache. Nitakutengenezea jingine, la mbao, bure."

Akaenda kwa mdogo wake vilevile alivyo, randa ikiwa bado kwenye mfuko wa aproni. Alimkuta sebuleni, simu kwenye stendi, yuko hewani mubashara, amekaa juu ya kochi la bluu ambalo kaka yake alimpa siku ya harusi.

"Zima," fundi akasema.

Mdogo wake akabonyeza kioo haraka haraka.

"Kochi la kijani la Mwalimu linatoka wapi?"

Akashusha pumzi. "Kuna kiwanda barabara kuu. Wanatoa makochi kumi kwa siku. Wewe unatoa moja kwa wiki, Kaka. Watu wanataka leo. Ningewajibu nini?"

"Ungewaambia wasubiri."

"Nani anasubiri siku hizi? Na usinitazame hivyo, sijakuibia. Watu hawanunui kochi, wananunua video."

"Ya nani?"

Mdogo wake akaanza kunyoosha kitambaa cha mkono wa kochi.

"Uliniambia soko limepoa."

"Lilipoa kwako."

Hapo ndipo uchungu ulipomwingia. Si kiwanda, si Mwalimu. Maneno hayo mawili.

"Simama," akasema.

Akalipindua kochi la bluu, akafungua kitambaa cha chini. Maandishi yalikuwepo, makubwa, yamekandamizwa: La mdogo wangu. Na tarehe ya harusi.

"Kaka, zawadi haichukuliwi."

"Silichukui. Utalikalia."

Akatoa randa, akaipitisha juu ya maandishi. Mara tatu, nne. Maranda membamba yakajikunja yakaanguka sakafuni, na maandishi ya penseli yamo humo. Mbao ikabaki nyeupe. Akapigilia kitambaa, akalisimamisha kochi, akalifuta vumbi kwa kiganja kama anavyofanya kwa kila mteja, akatoka.

Mdogo wake alibaki amesimama katikati ya maranda. Simu ilikuwa bado inawaka. Alikuwa amezima sauti tu. Picha ilikuwa inaendelea kwenda. Watu elfu mbili na ushee walikuwa wametazama kila kitu, mioyo inapanda kiooni. Komenti ya juu iliuliza: "Fundi hana mchezo. La bluu bei gani?"

Akaisoma. Halafu akakaa kwenye kochi, akaanza kuandika jibu.