Siku Niliposhika Projekta Mwenyewe

Kwa miaka miwili tulijifunza projekta bila kuigusa. Kila msichana wa shule yetu ya ualimu alikuwa ameichora kwenye daftari: taa, kioo cha nyuma, lenzi, na kibao cha kusukumia picha. Majina yote tuliyajua kwa Kifaransa, tukatahiniwa, tukapata alama nzuri. Lakini aliyeiwasha alikuwa mtu mmoja tu, Mtawa aliyetufundisha ufundishaji. Wakati wa somo, mwanafunzi alisimama kando ya shuka jeupe na fimbo mkononi, akasema maneno aliyoyakariri, kisha akagonga sakafu mara moja. Mtawa akisikia, alibadilisha picha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu ukiitwa Stanleyville kwenye barua na Kisangani midomoni mwetu. Wasichana waliosomea ualimu walikuwa wachache, na tuliambiwa mara kwa mara kwamba tunapaswa kushukuru. Nilishukuru. Ila siku moja niliuliza: tukishapewa madarasa yetu, nani atatuwashia mashine? Mtawa alinijibu bila hasira kwamba penye mashine hapatakosa Mzungu wa kuiangalia. Wenzangu wakaliandika jibu hilo. Mimi nilifunga kalamu yangu.

Zamu yangu ya kufundisha ilipofika nilipewa watoto wa mwaka wa pili, na somo lilikuwa samaki. Picha zilichorwa kwenye vioo vidogo vilivyotoka Ubelgiji. Zilionyesha mashua kwenye bahari ya kijivu, wanaume wenye makoti ya mpira, na pipa la visamaki vyembamba vilivyotiwa chumvi. Nikasema niliyoyakariri. Mtoto mmoja wa kike, ambaye baba yake alivua pale kwenye maporomoko ya Wagenia, akauliza mto huo uko wapi. Nikamwambia si mto, ni bahari. Akauliza kama nimeiona. Nikagonga sakafu, na darasa zima likacheka. Sikuwakasirikia. Nilikuwa nawafundisha watoto wa mto habari za samaki ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuwaona wala kuwala. Niliyemkasirikia ni mimi, kwa kuwa niligonga sakafu na kuendelea.

Jumapili nilikwenda kwa tonton, mdogo wake mama, ambaye alikuwa na studio ya picha mtaani. Nyuma ya duka aliweka sanduku la vioo vya picha za zamani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nikamwomba vinane, nikamweleza ninachotaka.

"Na ma sœur anajua?" aliuliza, akimaanisha Mtawa.

Nikamwambia hajui.

Akateleka sufuria ya maji. "Bon," akasema. "Kwanza tutoe sura za hawa watu. Maji iwe moto sana."

Nilisugua bibi harusi mmoja na wanajeshi wawili na wengine watano nisiowajua, mpaka vioo vikawa vitupu. Tonton alivikata kwa kipimo nilichokuja nacho kwenye uzi. Kwa wino na kalamu nyembamba nikachora samaki sita wa mto wetu, mbenga na meno yake, ngolo na masharubu yake, kapitene, mboto na wengine wawili, kisha mwanamke akikausha samaki juu ya moshi, na mitego mikubwa ya Wagenia ikining'inia kwenye miti katikati ya maji makali. Wino ulipokuwa unakauka, tonton akanikalisha mbele ya mashine yake ya kukuzia picha. Ilikuwa na taa na lenzi kama ile ya shuleni. Alinifanya niifungue na kuifunga tena mara tatu, na mara ya tatu hakunisaidia hata kwa neno. Ndiyo mara ya kwanza mikono yangu ilijua kile daftari langu lilichojua zamani.

Wiki mbili baadaye inspekta alikuja kutupima. Niliingia darasani mapema, nikaweka vioo vyangu kwenye kibao, nikasimama nyuma ya projekta. Mtawa alipoingia na mgeni wake alinikuta hapo. Akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini niende mahali pangu.

"Ma sœur," nilimwambia, "leo nitashika mwenyewe."

Alinitazama, akamtazama inspekta aliyekwisha kuketi, akarudi nyuma hatua moja. Nikawasha.

Mbenga alipotokea kwenye shuka, watoto walimtaja jina kabla sijafungua mdomo. Sikuwa na haja ya fimbo. Tulipofika kwenye mitego, yule mtoto wa maporomoko akasimama.

"Mwalimu, hii iko mubaya," akasema. "Mudomo ya mutego inafaa kuangalia kule maji inatokea."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeichora kinyume. Nikamwita mbele, naye akaonyesha kwa mkono wake mdogo jinsi maji yanavyomsukuma samaki ndani na kwa nini hawezi kurudi. Wenzake wakamuuliza maswali, akayajibu. Mimi nilishika taa tu. Sijafundisha somo zuri kuliko lile, na nusu yake haikuwa yangu.

Inspekta aliandika sana, akaondoka. Jioni ile niliitwa ofisini. Mtawa alisema somo halikuwa baya, lakini nimeshika mali ya shule bila ruhusa, nimemwaibisha mbele ya mgeni. Basi niandike barua ya kuomba msamaha, ndipo nitapata cheti. Nilimwomba radhi papo hapo kwa kumwaibisha, na nilimaanisha, kwa sababu alikuwa ametufundisha mengi. Kwa kushika mashine sikuomba. Alinipa karatasi. Niliandika kwamba niliishika kwa kuwa nasomea ualimu, nikatia sahihi.

Siku ya vyeti wenzangu waliitwa, mimi sikuitwa. Mama alilia. Papa hakusema nami siku tatu. Cheti changu kilikuja baada ya miezi mitano, pamoja na barua ya kunipeleka Barumbu, mbali kwa kufuata mkondo wa mto, kwenye shule isiyo na umeme. Kila mtu alielewa ni adhabu, hata nahodha wa meli aliyenisaidia kubeba sanduku.

Kule nilivipanga vioo vyangu kwenye dirisha la mashariki, na saa mbili asubuhi jua liliingia na kuviwasha. Watoto walipita mmoja mmoja, pua karibu na kioo. Baadaye walichora vya kwao. Mwaka uliofuata akaja inspekta mwingine, akasimama pale dirishani, akaniuliza ni nani aliyeniruhusu kufundisha hivi.

Nikamwambia sikuomba.