Mkanda wa Mapacha

Leo nina maduka mawili pale Mlabani, moja la vifaa vya ujenzi na jingine la vitambaa, na baba yangu hakuniachia hata msumari. Shule niliishia darasa la nne. Hesabu nilijifunzia sokoni, na kusoma uso wa mteja nilijifunzia huko huko. Nayasema haya ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu aliyejijenga kwa mikono yake. Lakini miaka ya tisini, nilipokuwa kijana wa mitumba na mali yangu yote inaenea kwenye turubai moja, kuna siku nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijamwambia hata mke wangu.

Mabelo yangu, marobota ya nguo, yalikuja kwa treni. Nilikuwa nakata kamba za belo mbele za watu, nao wanasogea kutazama, kwa sababu mimi nilikuwa na kitu ambacho wauzaji wenzangu hawakuwa nacho. Kila kilichotoka mle ndani nilikijua kazi yake. Na nisichokijua nilikipa kazi kabla mteja hajauliza mara ya pili. Kuna kofia ya sufu yenye matundu mawili pembeni, nilimuuzia mtu kama kofia ya mtoto, na miaka mingi baadaye nikaona kwa masista kwamba ile huvishwa birika la chai. Mtoto aliivaa, akapata joto, nani alidhurika? Watu walinipenda kwa hilo. Walikuwa wanasema, muulize yule, yule anajua.

Siku yenyewe ilikuwa masika, mto umejaa, mvua inakuja na kuacha. Katikati ya belo nikatoa mkanda. Mpana, mweusi, imara, katikati umeshonewa kigodoro cha kukaa begani. Kila mwisho una kitanzi kinachofungwa kwa kile kitambaa cha kunatana, upande mmoja miba midogo, upande wa pili manyoya. Ukivuta kinabanduka, kwaraa.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa akiuza katambuga, viatu vya matairi, akauinua kwa kidole. "Haya, mjuzi. Hii nini?"

"Nipe nafasi."

"Leo umekwama."

"Mimi? Nikwame?"

Hapo ndipo wakafika mume na mke, watu wa ng'ambo ya mto, wa njia ya Lupiro. Mume anasukuma baiskeli, amefunga juu yake mbao mbili ndefu zimetokeza mbele na nyuma. Mke ana mapacha wa kama miezi mitano, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Walitaka sweta. Yule mama akamlaza wa mkononi kwenye turubai langu, akaanza kukunjakunja vidole.

"Mkono umekufa ganzi, shemeji?" nikamuuliza.

"Acha tu. Nilikuja na wifi, ananisaidia mmoja. Sasa amebaki wodini na mama yake, na baiskeli ndiyo hiyo imejaa."

Nikautazama mkanda. Vitanzi viwili. Nikawatazama watoto. Wawili. Naapa sikumdanganya kwa kujua. Jibu lilinijia lenyewe, nikaliamini, na nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

"Basi Mungu amekuleta," nikamwambia. "Hii ni mbeleko ya mapacha. Ya Ulaya."

Mumewe akacheka. "Ulaya na mbeleko wapi na wapi?"

"Wao hawazai mapacha? Unafikiri wanawatia kikapuni? Mmoja anakaa kitanzi cha mbele, mmoja cha nyuma, na bega limewekewa godoro. Tazama."

Mama akavuta kitanzi. Kwaraa. "Mbona kinabanduka?"

"Ndiyo ufundi wake huo. Mtoto akilia huhangaiki na fundo."

"Umeshauza kwa mwingine?"

"Morogoro mjini kina mama wanagombania."

Sikuwahi kuuza hata mmoja. Nilikuwa ndiyo kwanza nauona. Lakini nilimvalisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikawakalisha watoto kama kwenye bembea, nikabana vitanzi kwa nguvu zangu zote, naye akafunga kanga juu yao. Akatembea hatua chache mbele za watu, mikono yote miwili mitupu. Watu wakapiga makofi. Mzee wa katambuga akasema, "Kijana, wewe utakufa tajiri." Wakaondoka kuelekea Kivukoni, kwenye pantoni ya kuvuka mto.

Haikupita saa nzima nikafika chini ya belo, nikakuta mkanda wa pili. Huu ulikuwa bado na karatasi yake ngumu imening'inia. Maandishi sikuyaweza, lakini picha haihitaji darasa. Palichorwa mtu mwenye koti nene, na begani ameubeba mkanda ule ule, na ndani ya vile vitanzi mlikuwa na mbao mbili. Mbao ndefu, nyembamba, zimepinda nchani. Siku hizi nimeona kwenye televisheni, kumbe wazungu huzivaa miguuni wakateleza juu ya theluji. Siku ile nilichoona ni mbao. Na wakati ule nauza, mbao zilikuwa pale pale mbele yangu, juu ya baiskeli ya mume wa yule mama, nami nikatazama watoto.

Nikajiambia, si kitu, kinachobeba mbao kitabeba chochote. Lakini nikataka kuujaribu. Nilikuwa na mfuko wa mchele niliomnunulia mama yangu. Nikautia kitanzi cha nyuma, cha mbele nikatia fungu la katambuga la yule mzee, nikajitwika, nikaanza kutembea. Hatua za kwanza, shwari. Nikafika kwa wauza nyanya, shwari. Nilipogeuka kurudi nikasikia kwaraa, na mchele ukamwagika kwenye tope.

"Sasa unapanda mpunga sokoni?" mzee akaniuliza.

"Nipe baiskeli yako."

"Na belo nani ataliuza?"

"Nipe baiskeli, mzee wangu, nakuomba!"

Njia ya Kivukoni niliijua kama kiganja changu, lakini siku hiyo ilirefuka. Kilichonitafuna si mtoto wa mbele. Wa mbele akilegea mama atamwona. Wa nyuma ndiye haonwi na mtu. Kitanzi kinaachia polepole, uzi kwa uzi, huku mama anatembea na kuzungumza na mumewe. Manyunyu yakaanza, nikawaza, ile miba ikilowa itashika? Nikawaza pantoni, na ule mnyororo wa pembeni ambao hauzuii hata mbuzi. Nikakanyaga pedali mpaka nikaona giza.

Nilipofika, pantoni imekwisha ondoka. Iko katikati ya mto, na juu ya vichwa vya watu nikaona ncha za mbao. Pembeni ya mbao, yule mama, amesimama ameupa mto mgongo.

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Injini ikaimeza. Waliosikia ni wa upande wangu.

"Wamekuibia nini?" mvuvi mmoja akauliza, na kabla sijajibu mwingine akadakia, "Wezi wako kwenye pantoni!" Watu wakaanza kupiga miluzi na kuwaashiria walio ng'ambo wawazuie. Nikaona jinsi mambo yanavyoweza kwenda, maana mtu akishaitwa mwizi hakuna anayeuliza tena.

"Si wezi!" nikasema. "Mwenye kosa ni mimi. Nimewauzia kitu nisichokijua."

Muuza samaki mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akasimama akaniangalia. "Hukijui? Wewe?"

"Sikijui."

Akashika kifua cha nguo aliyovaa. "Na blauzi hii uliyoniuzia je?"

"Hiyo ni blauzi, mama. Naomba mtumbwi."

Yule mvuvi akanivusha. Kuogelea sijui, mpaka leo sijui, na maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanashusha magugu mafungu mafungu. Kwa kawaida ningeshika kingo nikafumba macho. Siku ile niliyakodoa kwenye zile mbao mbili. Nikaona pantoni inagota, nikaona watu wanashuka, nikaona mbao zinapanda ukingo na kupotea. Mkondo ukatupeleka chini zaidi. Nikaruka kabla mtumbwi haujagusa, nikazama mpaka mapajani, nikatoka nakimbia.

Niliwakuta mbali kidogo, barabarani. Mume ameinama anakaza mipira ya kufungia mbao zilizolegea. Mama amesimama, amenipa mgongo. Chini ya kanga, mwisho wa mkanda ulikuwa unaning'inia wazi. Kitanzi kimeachia, sijui tangu wapi. Mtoto alikuwa ameshikwa na kanga peke yake, na kanga imempanda hadi kidevuni, miguu inaning'inia, kichwa kimeinama pembeni.

Sikuita. Niliogopa akigeuka ghafla mtoto atachomoka. Nikatembea kwa ncha za vidole kama mtu anayetaka kukamata kuku, nikapeleka mikono yangu miwili, nikamkinga mtoto kwa chini. Mama akadhani ni mumewe. "Umemaliza?" akasema bila kugeuka.

"Ni mimi, shemeji. Usigeuke. Kitanzi kimeachia."

Akapeleka mkono nyuma, akapapasa. Nilihisi vidole vyake vikipita juu ya vyangu, vikakifikia kitanzi, vikasimama. Alipofungua kanga nikampokea mtoto, akapiga chafya, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Nilitegemea matusi. Yeye aliuliza, "Na wale wa Morogoro? Utawapataje?"

"Hakuna wa Morogoro."

"Wale kina mama ulisema wanagombania."

"Hawapo. Sijawahi kuuza mwingine."

Mumewe alikuwa ameishika baiskeli, mbao zinataka kumwangusha. "Ningekuwa na mkono mmoja mtupu," akasema, "ungenitambua." Nami sikurudi nyuma. Ningesimama anipige.

Mama akamvua wa mbele, akamfunga mgongoni kwa kanga, fundo la kawaida, la mama yake na bibi yake. Kisha akamnyooshea kidole yule niliyemshika. "Huyo utambeba wewe. Mpaka nyumbani."

"Shemeji, belo langu liko wazi sokoni."

"Nimekwambia mpaka nyumbani."

Nimebeba marobota kutoka stesheni ambayo wanaume wawili walikuwa wanayakimbia. Lakini kile kiumbe kilinitoa jasho. Tope linateleza, na kila nilipoteleza kidogo nilimbana, na nikimbana naogopa nimembana mno. Alikuwa amenyamaza sasa, ananitazama. Ukimya wake nao ukanitia hofu, nikawa nasimama kila baada ya hatua kadhaa nitege sikio kama anapumua.

Karibu na kwao kuna kijito, na daraja lake lilikuwa magogo mawili, yamelowa, maji yanapita kwa kasi chini yake. Mume akavusha baiskeli kwa kuisukuma majini. Mama akapita juu ya gogo na mwanawe mgongoni, kama anapita sebuleni. Akageuka. "Njoo."

Nikasimama mwanzoni mwa gogo. "Shemeji, rudi umchukue."

"Nikirudi, huyu wa mgongoni namwachia nani? Njoo hivyo hivyo."

Upande wa pili walikuwepo wachungaji wawili wa Kisukuma wananywesha ng'ombe, wameegemea fimbo zao, wananitazama. Nikavua viatu nikaviacha. Nikakaa juu ya gogo kama mtu aliyepanda punda, mkono mmoja nimemkumbatia mtoto, wa pili nimeshika gogo, nikawa najiburuta kwa makalio, shubiri moja, halafu nyingine. Wale wachungaji walicheka, mmoja akasema kitu kwa Kisukuma, mwenzake akachuchumaa kwa kicheko. Sikuinua uso. Nilikuwa nasikiliza pumzi ya mtoto shingoni mwangu, hii, na hii, na hii, mpaka nikaona vidole vya miguu ya mama yake kwenye tope mbele yangu, na mikono yake ikashuka ikamchukua.