Kikombe cha Bukuru

Nilikuwa nimeinamia beseni la vyombo nyuma ya nyumba ya mwalimu wangu wa darasa la kwanza, pale Ujiji. Ilikuwa siku ya pili ya msiba wake. Unajua misiba yetu ilivyo: ukishatoa pole unatafuta kazi ya kushika, maana kukaa bure kunazidisha majonzi. Mimi nilishika vyombo. Katikati ya vikombe vya chai nikakuta kimoja cha plastiki, rangi ya chungwa iliyofifia, sikio lake limeungua kidogo na moto. Nilikijua kabla sijakigeuza.

Binti wa marehemu alipita na ndoo, akaniona nimekishika.

"Hicho nani amekitoa kabatini?" akauliza. "Samahani, dada. Hicho hakinywewi. Mama alituambia kina mwenyewe."

Nilikaa kwenye kigoda mpaka povu likanikaukia mikononi.

Ngoja nikueleze, maana sijapata kumweleza mtu.

Nilianza shule mwaka ambao watu wa Burundi walikuwa wakiikimbia vita. Walikuja kwa mitumbwi, wakifuata ufukwe kutoka kaskazini, na asubuhi tulipokwenda kuchota maji tuliwakuta wamekaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na mafurushi yao, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Shule yetu ilikuwa karibu na ziwa. Madarasa mawili ya mwisho walipewa wao walale, na kwa kuwa sisi wa darasa la kwanza ndio tuliokuwa wadogo kuliko wote, sisi ndio tuliotolewa nje. Bibi yangu, aliyenilea, alisema ni sawa. Mgeni analala ndani, mtoto wa nyumbani atajibanza popote.

Basi tukasomea mchangani, pembeni ya pale akina mama walipoanika dagaa. Harufu ile ya dagaa wabichi jua linapowapata ndiyo harufu ya shule kwangu hadi leo. Madaftari yalikuwa haba, kwa hiyo tuliandika kwa kidole. Mwalimu alipita nyuma yetu akisoma mchanga, akisahihisha kwa kijiti, halafu anakufutia kwa fagio la chelewa na unaanza upya. Tulihesabu kwa kokwa za michikichi. Siku za kazi za mikono tulifinyanga udongo wa mtoni: vyungu, ng'ombe, mitumbwi ya kuchezea. Na kila asubuhi mtu alikuja na kuni zake au dumu la maji, kwa ajili ya uji.

Mwalimu alikuwa mama mnene, Mha wa Mwandiga, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Alikuwa akitusalimia kabla hatujamsalimia, halafu anajifanya amekasirika. "Shikamoo yangu iko wapi? Au mmeila na dagaa?"

Siku moja alikuja amemshika mkono msichana wa rika letu, kichwa kimenyolewa, gauni la mtu mzima limekunjwa kiunoni. Nyuma yao alisimama mama mmoja mwembamba mwenye kitenge.

"Huyu ni mwenzenu," mwalimu akasema. "Anaitwa Butoyi."

Na sisi sote, darasa zima, tukauliza kwa pamoja: "Na Bukuru yuko wapi?"

Kama hukukulia kwetu, nikufafanulie. Kwa Waha, kama kwa Warundi, mapacha hawatafutiwi majina. Majina yanawangoja. Anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Kwa hiyo mtu akikutajia Butoyi, unamwulizia Bukuru, kama unavyomwulizia mtu habari za nyumbani. Ni adabu tu. Hatukuwa na ubaya wowote.

Mwalimu aliinua mkono kutunyamazisha, lakini alikuwa amechelewa. Yule msichana alituangalia mmoja mmoja, kisha akasema kwa Kirundi, "Araje."

Anakuja. Kirundi na Kiha ni ndugu, tulimwelewa wote.

Mwalimu aligeuka akamtazama yule mama mwenye kitenge. Mama alikuwa akitazama miguu yake. Kisha akasema, "Basi tumwachie nafasi."

Tukasogea. Butoyi akakaa karibu nami, na kati yetu ikabaki sehemu ya mchanga ya kumtosha mtoto. Kuanzia siku hiyo mwalimu alipoita majina aliita, "Bukuru." Butoyi anajibu, "Yuko njiani." Kisha, "Butoyi." "Nipo."

Uji ulipoiva ndipo tulipoona jambo lenyewe. Butoyi hakuwa na kikombe. Mwalimu akamletea kutoka nyumbani kwake vikombe viwili vya rangi ya chungwa, vilivyofanana kila kitu, maana alijua kama tulivyojua wote kwamba pacha hapewi kitu peke yake. Bibi yangu aliniambia jioni ile nikimsimulia: "Msije mkampa Butoyi mkamwacha Bukuru. Mtamwalikia ugonjwa." Mpishi akajaza vyote viwili. Butoyi akanywa chake taratibu. Kile kingine akakifunika kwa jani la mgomba, akakishika kwa mikono miwili mpaka kengele ya kutoka.

Wavulana hawakukawia kumtania. "Butoyi wa vikombe viwili," mmoja alisema. "Huyo Bukuru wako mbona hana kivuli?"

"Anacho," Butoyi akajibu bila kugeuka. "Kivuli chake kirefu kuliko chako, nawe unanuka dagaa."

Tulicheka sote, hata yule mvulana. Alikuwa anajua kusema, Butoyi, ukishamzoea. Alinifundisha kuwa Bukuru anaogopa bata. Kwamba ana kovu kwenye goti, kwamba anaimba vibaya lakini hajui kama anaimba vibaya. Alipofinyanga alifinyanga viwiliviwili: vyungu viwili, ng'ombe wawili, na alipoandika herufi kwenye mchanga wake aliinama upande wa pili akaandika tena, kwa mwandiko tofauti kidogo, uliolala. Mwalimu alisahihisha kote kuwili.

Mwalimu mkuu alipita siku moja kuhesabu watoto. Alikuwa mtu wa haraka. "Hapa katikati mbona pana nafasi, na kule wengine wamebanana?"

"Pana mtu, mkuu," mwalimu akasema.

"Mtu gani? Simwoni."

"Yuko safarini. Hata wa safarini anahesabiwa."

Mkuu alimtazama, akamtazama Butoyi, akaenda zake.

Baada ya masomo nilikuwa nikimsindikiza Butoyi hadi walikokaa, chini ya turubai ubavuni mwa darasa, maana ndani palikuwa pameshajaa. Mama yake alikuwa akitoka anapotusikia. Butoyi alimpa kile kikombe, na mama alikipokea kwa mikono miwili, amepiga magoti kidogo kama anavyopokea mtu chakula cha mkubwa wake. "Nitamwekea," alisema. "Akija atakikuta." Kisha aliingia chini ya turubai, akakaa huko muda, akatoka na kikombe kitupu kilichooshwa.

Nilikuwa mtoto. Niliamini kuna chungu mahali fulani kinachojaa uji wa Bukuru.

Mvua zilipokaribia ikasemekana wakimbizi wote wa pale shuleni watapelekwa kambini, upande wa Kasulu. Sisi tulifurahi, maana tungerudi darasani. Butoyi hakufurahi. Alianza kwenda mwaloni kabla ya masomo, anakaa kwenye mawe kutazama mitumbwi inayoingia. Nilikwenda naye. Kila mtumbwi ukikaribia alisimama, na kila mtu akishateremka alikaa. Hofu yake ilikuwa moja tu, na aliniambia waziwazi: lori likimchukua kabla Bukuru hajafika, Bukuru atashuka pale Ujiji asikute mtu wa kwao, naye hajui Kiswahili, na ni mwepesi wa kulia.

Lori lilikuja asubuhi. Vumbi, mafurushi, kuku waliofungwa miguu, wanawake wakiitana. Butoyi alikataa kupanda. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye nafasi yake mchangani, na vikombe vyake viwili mapajani, na mama yake akasimama pembeni bila kumshika.

Mwalimu akaja akachuchumaa mbele yake, na kwa mwili wake ule haikuwa kazi rahisi.

"Twende, mwanangu."

"Bukuru akija atamkuta nani?"

"Atanikuta mimi."

"Hakujui."

"Nitamjua mimi. Ana kovu kwenye goti."

Butoyi akafikiri. "Na uji?"

Mwalimu akachukua kikombe kimoja, kile kilichokuwa kimeungua sikio siku kilipoangukia kando ya mafiga. "Kimoja nenda nacho wewe, kimoja kibaki nami. Akishuka tu nitamnywesha. Halafu nitamleta mwenyewe."

Butoyi akasimama. Alipopita mbele yangu alisema, "Mwambie asiogope bata wa kwa bibi yako." Nikamwambia nitamwambia. Mama yake ndiye aliyepanda mwisho. Aligeuka akamwambia mwalimu, "Murakoze," asante, na akaweka kitenge mdomoni. Lori likaondoka, na Butoyi alikuwa nyuma kabisa, uso wake ukielekea ziwani, si kwetu.

Tuliendelea kuacha ile nafasi. Hata tuliporudi darasani, kwenye dawati, palibaki pengo kati yangu na mwenzangu. Mwalimu aliendelea kuita, "Bukuru," na kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu, alikaa kidogo, kisha akaita jina linalofuata.

Niliishia darasa la saba. Nikajifunza kushona, nikapata kibaraza cha kushonea pale Mwanga, si mbali na Ujiji, nikawa namshonea mwalimu magauni yake. Nilikuwa na watoto tayari siku aliponieleza, amesimama nikimpima mabega. Walikuja kwa mitumbwi miwili. Butoyi alitangulia na shangazi yake. Mama alifuata na Bukuru, aliyekuwa na homa. Mtoto akafia ziwani. Wakamzika mchangani, mahali ambapo mama hakujua hata panaitwaje. Alipofika Ujiji alimkuta Butoyi amegoma kula kwa kumngoja mwenzake, naye akaogopa kwamba akimwambia atampoteza na huyu. Akasema Bukuru amebaki kwa bibi, anakuja. Asubuhi ile ya kuandikishwa alimnong'oneza mwalimu yote, akamwomba jambo moja tu: "Niachie nimwambie mwenyewe."

"Na alimwambia?" nikauliza.

Mwalimu akashusha mikono. "Ndicho nisichokijua. Nimeuliza kila aliyetoka kambini. Kisha wakarudishwa kwao, nikakosa wa kumwuliza."

Nikamwuliza ule uji mama alikuwa akiufanyia nini. Akasema alikuwa akiunywa. Ulikuwa ni chakula, na ulikuwa wa mwanawe, asingeweza kuumwaga.

Siku hizi hata pale mahali hapapo. Ziwa limepanda, limemeza mchanga tuliouandikia, limemeza mawe ya Butoyi na vichanja vya dagaa. Shule imehamia juu. Nimekwenda nikasimama, nikaona maji tu, na kichwa cha nguzo moja. Bibi yangu hayupo. Sasa na mwalimu. Nikihesabu wanaojua habari nzima ya mtoto aliyeitwa Bukuru, aliyeogopa bata, kwa upande huu wa mpaka nabaki peke yangu.

Binti wa marehemu alikuwa bado amesimama na ndoo yake.

"Mwenyewe wa hicho kikombe ni nani?" akauliza. "Mama hakutuambia."

"Ni mapacha," nikasema. "Mmoja yuko njiani."

Nikakiosha peke yake, kwa maji mapya. Nikakifuta kwa upande mkavu wa kanga, nikaingia ndani nikakirudisha kabatini. Vingine vyote vilikuwa vimefudikizwa. Hicho nikakiweka mdomo juu.