Rangi Hupakwa Mwisho

Kama kuna mtu mjini kwetu aliyezaliwa na shingo ngumu, ni Arvella Skaggs. Wanaomsengenya kwa hilo hawajawahi kupanda gari lililokazwa na mtu mwenye shingo laini.

Ujanani mwake alifanya kazi katika kiwanda cha magari ng'ambo ya mto, upande wa ekseli za nyuma. Mwenzake akishakaza nati, yeye aliijaribu kwa spana ya kipimo, ile inayolia "ta" nati ikifika inapotakiwa, kisha akaitia tone la rangi ya manjano kwa brashi. Tone lile lilikuwa na maana moja tu: mtu ameijaribu nati hii, nayo imekaza.

Mwaka mmoja wakubwa wakataka magari yatoke haraka zaidi. Msimamizi akamjia na maneno ya chini chini.

"Paka tu, Arvella. Achana na kupima. Nani ataingia uvunguni kuangalia?"

"Mimi sipaki uongo. Mtafute mwingine."

Wakamtafuta mwingine, na Arvella akapewa ufagio. Alifagia sakafu ile mpaka akastaafu, wala hakuwahi kwenda kuomba radhi. Siku ya mwisho alitoka na brashi yake mfukoni, na mpaka leo ukimwambia aliiba, atakuuliza kiwandani ilikuwa na kazi gani tena.

Baada ya hapo yeye na kaka yake Delmar walilipata gari dogo la michezo, la viti viwili, lililotoka kiwandani kwao enzi zile zile za brashi. Lilikuwa limeoza ndani ya banda la mkulima, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Watu pale kwa kinyozi wakampachika Delmar jina la Baba Kuku, na jina likamkaa. Wakalifufua taratibu, Delmar akishughulika na bodi na mng'aro, Arvella akishughulika na nyuma: difu, shafti na mikono inayoshika magurudumu.

Alikuwa na sheria zake. Nati kubwa ya gurudumu, ile yenye meno, ikishafika kipimo na tundu la pini ya kuifungia halijaonekana, unaisogeza mbele hadi jino linalofuata. Hairudishwi nyuma hata kidogo. Na bolti zinazopita kwenye bushi za mpira hazikazwi gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Unazikaza kwa vidole tu, unalishusha gari chini, unalitikisa likae kwa uzito wake, ndipo unakaza. Ukikaza likiwa hewani mpira unabaki umejisokota, na kabla ya mwaka kwisha unachanika. Rangi ilikuja mwisho wa yote hayo.

Kila Septemba kwenye uwanja wa maonyesho wa wilaya wapenzi wa magari ya zamani hukusanyika, na waamuzi huinama na kioo na tochi hadi uvunguni. Wanataka kila kitu kiwe kama siku kilipotoka kiwandani, hata matone ya rangi juu ya nati. Gari linaloshinda katika kundi lake hufungwa utepe wa buluu. Delmar aliutaka utepe ule ili awanyamazishe watu wa kinyozi. Arvella aliutaka zaidi yake, wala hakuficha. Alitaka waiangalie alama ile ile iliyompa ufagio, na safari hii waivulie kofia.

Siku mbili kabla ya maonyesho mgongo ulimkamata akiwa anabadilisha bushi ya kushoto. Delmar akamwambia akalale, yeye atamalizia. Arvella akalala.

Asubuhi ya maonyesho walilipeleka gari kwa trela la jirani, kwa sababu Delmar hakutaka vumbi ligonge rangi yake. Arvella alikubali kwa sharti moja, kwamba kurudi atalirudisha kwa kuliendesha. Kengele ikalia, na kuanzia hapo hakuna mwenye gari aliyeruhusiwa kuligusa kwa kifaa. Mwamuzi mkuu, Wendell Groat, akapiga magoti na kioo chake.

"Safi sana, Bi Arvella. Alama zote zipo. Hata hii ya bushi ya kushoto."

Arvella akamgeukia kaka yake.

"Hiyo uliikaza vipi?"

"Niliikaza vizuri."

"Gari likiwa chini?"

Delmar akaanza kuyachunguza maandazi kwenye meza ya akina mama wa kanisa.

"Delmar. Gari likiwa chini?"

"Lilikuwa kwenye stendi. Nikakaza kwa nguvu za mkono, nikapaka. Muda ulikuwa umekwisha, Vella. Sasa tulia. Wakishatufunga utepe utaikaza utakavyo, nani atajua?"

Pale ndipo damu ilipompanda. Maneno yale aliyasikia zamani kwa msimamizi mwenye tai, na leo yanatoka kwa ndugu aliyenyonya naye ziwa moja. Akaenda kwenye trela akachukua spana ya kipimo, kitambaa na chupa ya petroli.

"Mama, ukiligusa umejitoa mwenyewe mashindanoni," Wendell akasema. "Alama nimeshaiona na nimeshaiandika. Kwa nini ujiharibie?"

"Umeona rangi, Wendell. Alama bado sijaitia."

Akalala ubavu kwenye majani, nyuma ya gurudumu la kushoto, na mgongo wake ukimlaani. Akaifuta rangi mpaka chuma kikabaki kitupu. Akailegeza nati ili mpira ujinyooshe.

"Delmar, ingia ukae. Tunataka uzito."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Si ulipaka peke yako? Sasa kaa mbele za watu."

Delmar akaingia akakaa. Mtu mmoja akawika kama jogoo, na uwanja ukaangua kicheko. Arvella akalitikisa gari, akakaza, akasubiri spana iseme. Iliposema "ta", akaichomoa brashi mfukoni, akatia tone moja la manjano. Wendell akapiga mstari kwenye karatasi yake, kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Utepe ukaenda kwa gari jekundu la daktari wa meno.

Jioni washindi walikuwa wakiyavuta magari yao kwa winchi kuyapandisha kwenye trela, wakiyafunika mashuka kama wagonjwa. Arvella akawasha lake. Delmar alikuwa bado amekaa pale pale.

"Unashuka?" Arvella akamuuliza. "Trela la jirani lina nafasi."

Delmar akautazama uso wa dada yake, akafunga mkanda.

"Bushi ya kulia je, Vella? Ile uliikaza wewe?"

"Niliikaza mimi."

"Basi twende."

Arvella akaondoa gari kwa nguvu, akawapita wote wenye tepe zao, na vumbi la uwanja likawatulia wale juu ya mng'aro wa magari yao.