Kitambaa cha Kijani Nyuma ya Pikapu

Tarehe tisa mwezi wa sita mwaka huu tulimpoteza baba. Sina maneno mengi juu ya hilo. Alikuwa mgonjwa tangu Januari, na asubuhi hiyo hakuamka. Tulimzika kwenye shamba lake dogo karibu na Mwatate. Siku ya nne baada ya mazishi nilizunguka nyuma ya nyumba yetu ya Kaloleni, hapa Voi, kuliangalia gari lake, ambalo halikuwa limewashwa tangu siku nilipomrudisha kutoka hospitali. Bila kufikiri nikachuchumaa, nikaweka mgongo wa mkono kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Ilikuwa baridi. Ingekuwaje na joto, na gari limesimama wiki tatu? Lakini mkono ulienda wenyewe, kama nilipokuwa na miaka kumi. Kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia baba.

Baba alitoka magharibi mwa nchi, akaletwa Voi na kazi ya reli. Hakuwa dereva wa treni. Alikuwa yule mtu ambaye treni ikisimama stesheni hutembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hutoa mlio mrefu. Lenye ufa hutoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Akishagonga aliweka mgongo wa mkono karibu na ekseli kusikia joto, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimekuwa kigumu na hakikumwambia ukweli tena. Watu walilala ndani ya mabehewa hayo wakielekea Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna mtu amepita chini yao akiwasikilizia.

Aliponunua pikapu kuukuu, aliileta nyumbani akaifanya treni. Kila Jumamosi tulipanda milimani kwa nyanya, mama yake mama, na kila Jumamosi hatukuondoka mpaka gari likaguliwe. Tulianza kabla jua halijafika uani, kwa sababu upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi. Likishatembea au likishapigwa na jua la Voi, upepo huvimba na kipimo kinakudanganya. Alipitisha dole gumba ubavuni mwa kila tairi akitafuta uvimbe na mipasuko. Alichomeka njiti ya kibiriti kwenye mifereji ya tairi. Kichwa kikizama, tairi bado lina maisha, kikibaki juu, tulitafutie lingine. Spea nayo ilishushwa ikapimwa kama zile nne. Kisha boneti, na kile kikopo cha mafuta ya breki chenye mistari miwili. "Haya hayaishi kama petroli," alikuwa akisema. "Yakipungua, ama pedi zimelika ama yanavuja. Usiongeze tu ukaenda zako. Tafuta yameenda wapi."

Jirani yetu, mama muuza samaki wa kukaanga, alikuwa akiegemea ua na kikombe chake cha chai na kutucheka.

"Mzee, leo treni imechelewa?"

"Heri ichelewe ikifika, mama."

"Si ni Mwatate tu hapo mnapitia, jamani? Mimi hata kanisani ningekuwa nimeenda nikarudi."

Nakumbuka harufu ya mafuta yake ya kukaangia ikichanganyika na harufu ya mpira wa tairi. Hata leo nikipita penye fundi wa pancha huwa nasikia njaa.

Mwisho wa ukaguzi ulikuwa wangu. Baba aliingia, akashusha kioo cha dirisha, nami nilisimama nyuma na kipande cha kitambaa cha kijani kilichokatwa kwenye leso ya mama iliyochakaa. Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka magurudumu manne, nikainama kuchungulia kwa ndani. Safari ikiwa imekwisha niligusa kila rimu kwa mgongo wa mkono: rimu moja ikiwa moto kuliko nyingine, breki yake imeshikilia. Ikiwa baridi kuliko nyingine, breki yake haifanyi kazi. Kabla ya safari ilikuwa ni kutazama tu, kama kuna unyevu, kama kuna kitu kinachoning'inia. Kisha baba alikanyaga breki nami nikatazama kama taa za breki zinawaka.

"Gadi, vipi huko nyuma?"

Gadi ni yule mkuu wa behewa la mwisho. Treni haiondoki mpaka apunge bendera ya kijani. Mimi nikipunga kitambaa, tuliondoka. Kama kuna tatizo, baba aliniambia, nisipige kelele wala nisikimbie. Nishushe mikono tu. "Nikitazama kioo cha nyuma nikaona mikono iko chini, sitoki."

Nilikuwa mtoto mwoga na kazi hiyo ilinitisha, lakini niliipenda kuliko kitu chochote.

Kwa nyanya kulikuwa na baridi na ukungu, na kimanga cha ndizi na maharagwe kilichopondwa na mwiko mkubwa kuliko mkono wangu. Tulilala Jumamosi, tukateremka Jumapili alasiri pikapu ikiwa imejaa kabichi na ndizi. Nyanya hakuzoea kamwe ule ukaguzi. Alimuuliza mama, baba akisikia, "Huyu mume wako anapapasa gari kama ng'ombe mwenye mimba. Linazaa lini?" Baba alicheka akiwa bado chini ya gari, miguu tu ikionekana.

Sasa Jumapili ya jambo lile, nikiwa na miaka kumi. Kesho yake asubuhi darasa letu lilikuwa liende mbugani. Sisi watoto wa Voi tulikua tukisikia habari za tembo kila siku, tembo wamekula mahindi ya fulani, tembo wamevunja tangi la maji, lakini wengi wetu hatukuwa tumepita lango la mbuga. Nilikuwa nimeihesabu siku hiyo muhula mzima. Na mwezi uliotangulia baba alikuwa amekuta nati moja ya gurudumu imelegea na nyingine imelika haikazi, tukalala kwa nyanya siku mbili zaidi kusubiri nati mpya kutoka Voi. Kwa hiyo nilijua vizuri mikono chini ina maana gani.

Nilizunguka gari kama kawaida. Gurudumu la nyuma kushoto, upande wa ndani, nikaona mstari mwembamba wa unyevu umeteremka juu ya tairi. Nikaugusa kwa kidole. Haukuwa maji. Ulikuwa unateleza. Nilisimama pale nikiwa nimejikunja, nikimsikia mama akimuaga nyanya, na mdogo wangu mchanga akilia mgongoni mwake. Nilipangusa kidole kwenye gauni langu, upande wa chini, nikaenda kusimama mahali pangu.

Taa ziliwaka zote mbili.

"Gadi, vipi huko nyuma?"

Nikapunga kitambaa.

Niliingia nikakaa katikati, baba kulia, mama kushoto na mtoto mapajani. Kutoka pale nilikuwa naona mguu wa baba. Alikanyaga breki mara tatu tukiwa bado tumesimama, na pedali ikamjibu vizuri, nami nikajiambia basi, kumbe si kitu. Tuliteremka kona ya kwanza, ya pili. Baba hakuwa mtu wa kukaa juu ya breki mteremkoni. Aliweka gia ya pili akaiacha injini imshike, akigusa breki kidogo tu penye kona. Nilihesabu kila alipogusa. Mara ya nne mguu ulishuka zaidi. Mara ya sita ulishuka zaidi tena. Mama alikuwa anasimulia habari za ng'ombe wa nyanya aliyekataa kukamuliwa. Nilitaka kusema na mdomo ukakataa, kwa sababu kusema sasa kungekuwa pia kusema kwamba nilijua tangu juu.

Kisha baba aliikanyaga ikaenda mpaka chini.

Akapampu mara mbili, mara tatu, haraka, na ikampa kidogo kisha ikazama tena. Akaingiza gia ya kwanza, injini ikanguruma hadi mtoto akanyamaza, na mkono wake ukapita gotini kwangu kushika breki ya mkono, akaivuta taratibu, si kwa ghafla. Gari likavutwa upande mmoja. Upande wa kushoto kulikuwa na bonde, naona mpaka leo vilele vya migomba chini yake. Baba alizungusha usukani kulia, tukavuka barabara, tukajisugua kwenye ukuta wa udongo mwekundu mpaka tukasimama. Kama kungekuwa na gari linalopanda, nisingekuwa naandika. Kabichi ziliruka zikaanza kubiringika barabarani, moja baada ya nyingine, zikapotea kwenye kona.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Breki zimekataa," baba akasema. "Shukeni. Nendeni mbali na barabara."

Mama alishuka na mtoto, akakaa kwenye nyasi. Baba aliweka mawe magurudumuni, kisha akachuchumaa nyuma kushoto. Alipitisha kidole ndani ya tairi, akakinusa. Vumbi lilikuwa limegandia sehemu ya juu ya ule mstari, na mtu wa kazi yake hakuhitaji kuelezwa kwamba unyevu huo ulikuwapo kabla hatujaondoka.

"Gadi," aliniita kwa sauti ya kawaida. "Hukuona kitu hapa?"

"Sikuona."

Alinitazama. Sijui kama aliona gauni. Akasema, "Sawa," akainuka kwenda kuokota kabichi.

Lori lililobeba mchanga lilitushusha mpaka Mwatate, na kutoka hapo tukafika Voi kabla ya giza. Nilifua gauni langu mwenyewe kwenye karai nyuma ya nyumba, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya. Kesho yake nilienda mbugani. Tembo niliwaona, wengi, wekundu wa vumbi. Mwalimu alituambia tuandike insha juu yao nami nikaandika ukurasa mmoja, na hakuna hata sentensi moja ninayoikumbuka.

Pikapu ilitengenezwa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyuma na kitambaa changu nikasimama. Baba alizunguka magurudumu yote manne mwenyewe, akachungulia kwa ndani mwenyewe, akamwomba yule jirani amtazamie taa. Hakunifokea. Hakunipiga. Hakuniita gadi tena maisha yake yote. Nilikunja kile kitambaa nikakiweka kwenye begi la shule, na sijui kilipotelea wapi.

Pikapu iliuzwa zamani. Nyanya hayupo, na nyumba yake ina mabati mapya na watu wengine. Muuza samaki alihamia kwa mwanawe. Treni za siku hizi hupita kwenye reli mpya na kusimama kwenye stesheni mpya, na ile ya zamani, ambako baba aligonga magurudumu, imekaa kimya hivi kwamba nikipita husikia viatu vyangu. Watu huniambia siku hizi mashine ndizo zinazosikiliza. Labda. Mimi nimefika darasa la nane tu, sijui mambo hayo. Najua kwamba watu wanaendesha magari miaka na miaka bila kuchungulia ndani ya tairi, na wengi wao wanafika.

Mwezi wa tano nilimtoa baba hospitali nikimwendesha mimi kwa gari lake dogo. Alikuwa amekonda, amefungwa blanketi, lakini kabla sijawasha aliuliza, "Umepima upepo tairi zikiwa baridi?" Nikamwambia nimepima. Ilikuwa kweli. Barabarani tulipita mashamba ya mkonge, na nikaona sitapata nafasi nyingine kama hii.

"Baba, ile siku ya kabichi..."

"Tazama mbele," akasema.

Nikatazama mbele. Mpaka leo sijui kama alinizuia kusema au aliona kweli lori lililokuwa likitupita.

Haya yote nilimwambia mama jana, pale nje, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Mwatate kumwagilia maua ya kaburi. Alisikiliza akiwa ameshika kidumu cha maji. Nilidhani atalia.

"Lile gauni," akasema mwishowe. "Nilijiuliza miaka yote hii kwa nini ulilifua mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilikuwa na mtoto mapajani siku ile." Akaweka kidumu chini. "Nimekusikia, mwanangu. Umezunguka magurudumu?"

"Nimezunguka."

"Umechungulia ndani?"

"Yote manne."

"Haya, ingia ukanyage."

Aliivua leso mabegani, ile ya kijani aliyoivaa matangani, akaenda kusimama nyuma ya gari, mama yangu mfupi, akiwa amekunja uso kwa sababu ya jua. Niliwasha gari, nikakanyaga breki. Nikamtazama kwenye kioo. Leso ilikuwa mkononi na mikono ilikuwa chini.

"Taa ya kushoto haiwaki," akasema.

Nikaachia, nikakanyaga tena. Mama alisogea karibu, akainama kuitazama ile taa, akarudi pale pale aliposimama. Hakuinua leso.

Nikazima injini.