Mwanafunzi Wangu wa Kwanza Alikuja na Mtoto

Mwaka nilipokabidhiwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa mara ya kwanza, sikuwa na mke wala mtoto, na kitoto kichanga sikuwahi kukishika kwa zaidi ya dakika mbili bila mwenyewe kuja kukichukua kwa wasiwasi. Nasema hivyo ili nieleweke kwa nini nilibabaika.

Maabara yetu ya utafiti ipo Morogoro mjini, upande ambao ukitoka nje kunyoosha mgongo unauona mlima mzima. Wakati ule tulikuwa tunatengeneza vifaa vya kupima unyevu wa udongo, vya kufungwa kwenye mashamba ya mboga huko juu, vikitumia umeme wa jua. Mkuu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliniita ofisini.

"Fildi ya mwaka huu unaisimamia wewe," akasema. "Wanakuja wawili, wa uhandisi wa umeme na elektroniki. Na mmoja ananyonyesha."

Nikasubiri aendelee, naye akarudi kwenye karatasi zake.

Jumatatu wakafika. Mmoja alikuwa kijana wa Turiani, mcheshi, aliyeanza kuniita bosi kabla sijamaliza kujitambulisha. Wa pili alikuwa dada mwembamba, mwenyeji wa Mgeta, mwenye sauti ya chini. Nyuma yake alisimama mama yake mzazi, kitenge kimefungwa vizuri, mjukuu mgongoni amelala. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani kuja kumsaidia binti yake kulea, na walikuwa wamepanga chumba Kihonda.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye msimamizi wake hapa."

"Basi sikiliza. Huyu mtoto maziwa ya kopo hataki. Tumejaribu, anatema yote. Nitakaa wapi?"

Swali lilikuwa rahisi, lakini mimi nilizungusha macho kama niliyeulizwa swali la mtihani. Stoo ilijaa betri. Kibanda cha mlinzi kilikuwa na redio isiyozimwa. Mwishowe nikahamisha mashine ya kuchapa kutoka kwenye chumba kidogo cha mikutano, nikaingiza kiti chenye mgongo na kufunga pazia. Yule mama aliingia, akakitazama, akashukuru, kisha akatandika mkeka wake nje nyuma ya jengo, kwenye kivuli, karibu na bomba. Chumba alikitumia binti yake wakati wa kunyonyesha tu. Muda uliobaki tulisikia sauti ya bibi ikibembeleza kwa Kiluguru dirishani, na hakuna aliyelalamika.

Tatizo lililofuata nililileta mwenyewe, kwa nia njema. Kijana wa Turiani nilimweka kwenye meza ya kulehemu, anaunganisha vipande kwenye bodi za vifaa vyetu. Dada nikamweka kwenye kompyuta, asome vipimo na kuandika programu. Aliifanya kazi hiyo vizuri, wala hakunung'unika. Lakini siku moja mwenzake alipotoka kwenda kula, akaja mezani kwangu.

"Injinia, naomba kukuuliza. Mwenzangu analehemu kila siku. Mimi pasi ya kulehemia sijaishika hata mara moja. Kuna mahali nimekosea?"

"Hujakosea kitu," nikamwambia. "Waya tunaolehemia una madini ya risasi, na wewe unanyonyesha. Sitaki mtoto adhurike."

"Najua. Niliyasoma hayo kabla sijaja." Alikuwa ameweka mikono nyuma kama mtoto wa shule. "Ila nikirudi chuo sijui kulehemu, hakuna atakayekumbuka kwamba nilikuwa nanyonyesha. Watasema tu sijui."

Nilimwambia tuangalie pamoja kinachowezekana, na hapo ndipo kazi yangu ya usimamizi ilipoanza kweli.

Tulikaa tukasoma. Tulichokielewa ni kwamba ule moshi unaowasha macho unatokana zaidi na dawa iliyomo kwenye waya, na risasi yenyewe hubaki vidoleni na kwenye nguo. Basi tukang'oa feni kwenye kompyuta iliyokufa, tukaifungia bomba la plastiki ili ivute moshi na kuutoa dirishani. Mchoro wa kuiendesha aliuchora yeye. Koti la maabara likawa halitoki mlangoni, na mikono ikawa inaoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto. Nikaagiza pia waya usio na risasi kutoka Dar es Salaam, tukaanza kuutumia sote.

Waya huo unataka joto kali zaidi, na ukiukosea unaganda kama uji. Kijana wa Turiani aliuchukia.

"Bosi, huu waya una kiburi. Haushiki!"

"Mbona kwangu unashika?" dada akamwuliza bila kuinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania. Kijana alicheka mpaka akaweka pasi chini.

Dada akapewa sehemu yake: saketi ya kuchaji betri kutoka kwenye kipande cha sola. Aliiunganisha, ikafanya kazi mchana, lakini kila asubuhi betri ilikuwa imekwisha. Alihangaika nayo mpaka akagundua kwamba giza likiingia umeme unarudi kinyumenyume kutoka kwenye betri kwenda kwenye sola. Akaongeza dayodi, kipande kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Kesho yake betri ikawa imejaa. Alikimbia nje kumweleza mama yake, na mama akampigia vigelegele vya chinichini, asimwamshe mtoto.

Siku ambayo mhadhiri wao alikuja kutoka chuoni kuwakagua, dada hakuonekana. Simu yake iliita bila kupokelewa. Mhadhiri alikuwa mtu mzima wa kunyooka, shati limepigwa pasi, na alikuwa na safari ya kuendelea Dodoma.

"Huyu wa pili yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba ana mtoto mchanga na kwamba si kawaida yake kuchelewa. Alitazama saa. Kijana wa Turiani alimaliza kueleza kazi yake, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaivuta bodi ya mwenzake mbele ya mhadhiri.

"Mwalimu, hii ni ya kwake. Mimi sijaigusa. Naomba uione tu."

Mhadhiri alikuwa ameishika bodi anaigeuzageuza, ndipo simu yangu ikaita. Alikuwa dada. Mtoto alibanwa na kifua alfajiri, walikuwa hospitali, walikuwa wamelazwa. Alikuwa analia, na alichokuwa anakirudia ni, "Naomba umwambie mwalimu sijatoroka. Naomba umwambie."

Nikaweka sauti ya nje, nikamwambia kwamba mwalimu yupo hapo anamsikia. Nyuma yake tulisikia kikohozi, kile cha mtoto mdogo, kikavu, kisichomwacha avute pumzi. Mhadhiri aliiweka bodi chini taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mhudumie mtoto. Nikirudi kutoka Dodoma nitapita tena hapa. Umenisikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Pole sana."

Mchana nilikwenda hospitali na kijana wa Turiani. Tulimkuta bibi amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto amelala kifuani pake. Dada alituuliza kama feni ya moshi tumeizima. Nikamwambia tumeizima. Kisha nikamshika mtoto kidole cha mguu, kilikuwa cha moto.

Walitoka baada ya siku chache. Mhadhiri alirudi kama alivyosema. Dada alieleza saketi yake vizuri, lakini alipoulizwa dayodi inapoteza umeme kiasi gani, alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Jasho lilimtoka. Alifaulu, si kwa alama za juu, na jioni ile alikuwa na hasira kwa sababu jibu lilimjia mara mwalimu alipopanda gari.

Sasa anafanya kazi ya kufunga mitambo ya sola, na mtoto ameanza shule ya awali. Huwa ananipigia simu akikwama, na mara nyingine mimi ndiye ninayempigia. Waya wenye risasi hatukuurudia.

Siku hizi, kabla wanafunzi hawajafika, nawaandikia kuwauliza kama kuna jambo la nyumbani tunalopaswa kulijua. Wengi hujibu hakuna. Mwaka jana mmoja alijibu kwamba anamwuguza baba yake huko Mikese na atahitaji kuondoka mapema. Nilimjibu kwamba aje, saa tutazipanga akifika.